Si divai, ni soksi zangu

Kamwene wote. Kabla hamjaendelea kunipigia simu: hapana, Alhamisi Kuu maji hayakugeuka divai parokiani kwetu. Aliyeanzisha habari hizo ni shoga yangu wa sauti ya kwanza, mnamjua, aliyejirekodi dakika 4 nzima akiwa bado kwenye ngazi za kanisa, akaitupa kwenye kundi la kwaya. Kutoka kwaya ikaenda jumuiya, kutoka jumuiya ikafika Makambako, na jana asubuhi binamu yangu wa Mbeya kaniuliza kama hayo maji bado yapo, amletee mama yake anayeumwa goti.

Basi nasimulia mwenyewe, mguu ukiwa kwenye beseni.

Mlio nami tangu Januari mnaijua safari ya zile soksi. Kwa mgeni tu: shangazi alirudi kutoka Nakuru na gramu 200 za sufu halisi, ya kondoo, nyeupe kama ilivyotoka mgongoni. Si huu uzi wetu wa sweta wa dukani, ambao ukiuchunguza ni plastiki iliyosoma. Nikasema hii siifumi hivi hivi. Naitia rangi mwenyewe, rangi tatu kwenye uzi mmoja, ili soksi ijichore yenyewe nikiwa nafuma. Fungu la uzi ukilifungua ni duara kubwa. Upande mmoja nikauzamisha kwenye zambarau, upande wa pili kwenye kijani, katikati nikanyunyiza chungwa.

Rangi nilinunua sokoni kwa mama anayeuza rangi za ukili, anapima kwa kijiko cha chai. Akaniuliza, "Za mkeka, mwanangu?" Nikamwambia ni za soksi. Akanitazama kidogo, akaongeza nusu kijiko bure. Nilidhani ni ukarimu. Leo najua yale yalikuwa macho ya huruma.

Na msiniambie sikujua kazi. Ningekuwa sijui ingeniuma kidogo. Sufu ni nywele, na nywele hazishiki rangi mpaka uzipe ukali na moto: siki au ndimu kwenye maji, moto wa taratibu yasichemke kwa fujo, karibu saa nzima, halafu uache ipoe humo humo kwenye sufuria. Ukimaliza unasuuza mpaka maji yatoke meupe. Hayo yote nayajua. Nimewafundisha nyie hapa hapa, na kidole nikanyoosha.

Sasa siku yenyewe, mtungi wa gesi ukaisha baada ya robo saa. Nikautazama uzi, zambarau imekolea kama bilinganya, nikajiambia imetosha, hii imeshika. Kwenye kusuuza, maji ya kwanza yalikuwa sharubati ya zabibu. Ya pili sharubati. Ya tatu sharubati, ila ya mtu mwenye kisukari. Hapo bomba likakata, maana ilikuwa siku yetu ya mgao, nikasema hiyo ni rangi ya ziada tu, itaisha yenyewe.

Itaisha yenyewe! Wanawake tumeolewa kwa maneno haya haya.

Nikafuma. Spoku 5 za baiskeli ya marehemu babu, ncha nimezisugua kwenye jiwe, vitanzi 64, kumi na sita kila spoku kwa zile nne, ya tano ndiyo ya kufumia. Soksi ya kushoto ilitoka vizuri kabisa, mistari inazunguka kama ngazi za mnara. Ya kulia ikanigomea. Urefu wa rangi kwenye uzi ukalingana na uzi unaoliwa na raundi moja ya soksi, basi kila raundi zambarau inaangukia pale pale ilipoangukia raundi iliyopita. Inarundikana. Kufika kisigino, unyayo wote ni zambarau tupu, juu ya mguu kijani, chungwa imejibanza pembeni kama mpangaji anayedaiwa. Ukiziweka pamoja ni ndugu wa baba mmoja, na baba mwenyewe ana mashaka.

Ushikeni huo unyayo wa kulia, tutauhitaji.

Katekista akaja na karatasi ya watu 12 wa kuoshwa miguu na Padre Alhamisi Kuu, kama Yesu alivyowaosha mitume. Toka Papa Fransisko aruhusu mwaka 2016 na wanawake tunaingia, lakini kwetu nafasi zetu ni tatu tu na zinagombewa kuliko viti vya udiwani. Nikasikia jina langu. Na wazo la kwanza kichwani mwangu, Mungu anisamehe, halikuwa unyenyekevu. Lilikuwa: kanisa zima litaziona soksi zangu. Wahenga wanasema kizuri chajiuza. Mimi nikaona nikisukume kidogo.

Njombe mwezi huu mnaijua. Mvua ilinidaka njiani, kiatu cha kulia kina tundu nililokuwa nikimwahidi fundi tangu Krismasi. Nikafika mguu umelowa chapachapa. Sikujali, sufu hata ikilowa inatunza joto, na hilo nalo nimewahi kuwafundisha. Nikakaa kiti namba 7, masomo yakasomwa, mahubiri yakaenda dakika 25, na muda wote huo mguu wangu umo ndani ya kiatu, una majimaji, una joto, umefungiwa na kijiko kimoja na nusu cha rangi ya mkeka. Yaani kile kilichokosekana kwenye sufuria yangu, kiatu kilikikamilisha.

Katekista akatunong'oneza tuvue kiatu cha kulia. Wenzangu 11 wakavua kiatu na soksi pamoja, kama binadamu wenye akili. Mimi nikavua kiatu tu. Nikaunyoosha mguu mbele kidogo, soksi ionekane. Mama mkwe yuko benchi la kwanza, nikamwona anamgusa jirani yake. Nikazidi kuunyoosha.

Padre yuko namba 4. Yuko namba 5. Alipopiga magoti kwa namba 6 nikasema sasa. Nikashika soksi juu, nikaanza kuishusha taratibu, kwa madaha, kama anayefunua mnara wa kumbukumbu. Kifundo cha mguu kikatoka, kina kijani kidogo. Nikadhani ni kivuli. Nikashusha tena. Kisigino.

Jamani.

Kisigino kilikuwa zambarau. Si madoa. Si michirizi. Zambarau ya kukolea, ile ambayo sufuria ilininyima, imeshika sawasawa kisigino mpaka vidole, juu kijani cha matembele, na kati ya kidole gumba na mwenzake mstari wa chungwa. Kwaresima na zambarau yake ilishaisha, makasula ya Padre yameshabadilishwa kuwa meupe, lakini mguu wangu hakuna aliyeupa taarifa.

Nikajaribu kuirudisha soksi. Nani aliwahi kuvaa soksi ya sufu iliyolowa kwa haraka? Iliingia vidole viwili ikakataa. Nikaufuta mguu na pindo la kitenge. Kitenge kikapata ua jipya. Nikauficha nyuma ya mguu wa kushoto, nikakaa kama mtoto aliyebanwa na haja. Na Padre huyo, amefika, amepiga magoti, mkono umeshatangulia kuutafuta mguu.

Akauvuta. Akautazama. Akanitazama mimi. Akautazama tena.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "hii nini?"

"Soksi, Padre."

"Nimekuuliza mguu."

"Na mguu ni soksi, Padre."

Nadhani kuna mafunzo wanapewa seminari kwa hali kama hizi, maana hakusema neno tena. Akachukua jagi, akamimina. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, katekista aliyapasha kwa kutuonea huruma na baridi. Kwa hiyo rangi ilishuka kwa furaha. Maji yalitoka kwenye jagi yakiwa meupe, yakapita mguuni, yakaangukia kwenye beseni yakiwa mekundu yanayokwenda zambarau, na beseni lenyewe ni jeupe, jipya. Kwaya walikuwa wamemaliza ubeti, mpiga kinanda anafungua ukurasa, kanisa limetulia kabisa. Katika utulivu huo mtoto wa nani sijui akapaza sauti kutoka benchi la pembeni:

"Mama! Padre anamwaga divai!"

Hapo ndipo Kana ya Galilaya, kule Yesu alikogeuza maji kuwa divai harusini, ilipozaliwa kwetu. Shoga yangu sauti ya kwanza alikuwa juu kwenye roshani ya kwaya, hakuona mguu, aliona beseni tu. Haki yake hiyo nampa.

Mtumikiaji aliyeshika beseni, kijana wa darasa la sita, mabega yalianza kumtetemeka. Akijizuia kucheka beseni linacheza, beseni likicheza maji yanaruka. Padre akachukua taulo jeupe, akaanza kunikausha. Anafuta, taulo linabadilika. Anageuza upande, anafuta, na huo nao unabadilika. Akafuta kwa bidii ya mtu anayesugua sufuria ya ugali. Mimi nacheka kwa sababu ananitekenya, nalia kwa sababu ya aibu, na kwa mbali naonekana nimeguswa sana na ibada. Mama mkwe akatoa leso.

Kisha Padre huwa anabusu mguu. Kila mmoja alibusiwa. Akainama, nikafumba macho. Nikasubiri. Nilipofumbua alikuwa amesimama hapo karibu, amebusu hewa, na mimi nikamsamehe papo hapo.

Sasa ingeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini mtu akipiga magoti mara saba na kasugua mguu wa mtu mzima, anatoka jasho. Akainua taulo lile lile. Nikaona mkono unapanda. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikakwama kooni. Akajifuta paji la uso, kutoka kushoto kwenda kulia, mara mbili, taratibu.

Jumatano ya Majivu, ile ya kupakwa majivu pajini, ilirudi palepale, safari hii kwa rangi.

Na hakuna aliyemwambia. Nani angemwambia? Katekista aliangalia dari. Mtumikiaji alikabidhi beseni akatoroka sakristia, tulimsikia huko. Padre akaenda namba 8 na taulo lile lile, akaenda 9, akaongoza Misa yote, akatupa mkono wa amani, akatukomunisha mmoja mmoja, paji limeiva zambarau, na kila mkomunikanti akifika mbele yake anainamisha kichwa kwa heshima ambayo parokia yetu haijawahi kuiona. Maandamano ya kupeleka Sakramenti nayo yakaenda hivyo hivyo. Wewe unayecheka hapo, nakuona.

Mengine ni mafupi. Niliondoka na kiatu kimoja mkononi kupitia mlango wa kwaya. Baba watoto hajasema kitu, ila kila akipita anaimba bwana harusi wa Kana. Mama mkwe anadhani nilipata neema na sijamsahihisha. Ijumaa Kuu Padre alikuwa bado na mstari hafifu juu ya nyusi. Tulipogongana uani akaniuliza tu kama kuna sabuni ninayoijua. Taulo ninalo mimi, liko kwenye ndoo, maji ya sita, na bado ni sharubati. Kengele za kanisa zilinyamaza baada ya Utukufu wa Alhamisi mpaka mkesha wa leo usiku, lakini simu ya shoga yangu haijanyamaza hata dakika moja.

Soksi ya kulia nimeirudisha jikoni. Siki, moto mdogo, mtungi mpya, saa nzima kwa saa ya ukutani.

Aliyepiga mchana huu alikuwa mzee wa kiti namba 8, yule aliyefutwa na taulo langu. Nikajiandaa kutukanwa. Mzee anaulizia bei. Anataka jozi moja, namba 43, zambarau tupu, maana anasema mguu mmoja tayari.

Nimemwambia elfu 18, na wa pili anifuate na mguu wake.