Mabango hayamwachishi kijana bangi

Serikali ikiamua kupambana na dawa za kulevya kwa vijana, huanza na kilicho rahisi: mabango, matangazo, na askari anayeingia darasani kueleza jinsi dawa zinavyoua. Waziri anapigwa picha, fedha zinaisha, wanafunzi wanarudi kwenye mambo yao.

Marekani imelijaribu hili kuliko wengi. Mpango wa DARE, ulioanzia Los Angeles mwaka 1983, uliwapeleka polisi mashuleni kufundisha, na tafiti zikaja kuonyesha kwamba waliofundishwa hawakutofautiana sana na wenzao wasiofundishwa. Kisha ikaja kampeni ya matangazo ya 1998 hadi 2004, karibu dola bilioni 1. Tathmini haikuona bangi ikipungua. Zilikuwepo hata dalili kwamba baadhi ya vijana walitoka na imani kuwa wenzao wengi wanavuta. Fedha zote hizo!

Mimi naitazama Iceland. Mwaka 1998, asilimia 42 ya wanafunzi wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa pombe ndani ya mwezi mmoja, na 17 walikwisha kujaribu bangi. Kufikia 2016 zilikuwa 5 na 7. Huko wanafunzi hujaza dodoso mara kwa mara bila kuandika majina, na kila shule hupewa matokeo yake yenyewe, hivyo mzazi hawezi kusema hayo ni ya watoto wa wengine. Wazazi husaini makubaliano ya pamoja. Majira ya baridi, wa miaka 13 hadi 16 hawaruhusiwi kuzurura peke yao baada ya saa nne usiku. Mji mkuu, Reykjavík, huzipa familia ruzuku ya michezo na muziki.

Najua jibu: ni nchi ndogo, tena tajiri. Kwenye ruzuku nakubali. Lakini dodoso na kikao cha wazazi vinahitaji utajiri gani?

Kinachoniudhi zaidi ni sera ya kumfukuza shule anayekutwa na msokoto. Jana alikuwa na mwalimu, ratiba na marafiki wasiovuta. Leo ana kutwa nzima na wale wanaovuta. Ureno, tangu 2001, anayekamatwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe hupelekwa mbele ya kamati yenye wataalamu wa afya na ustawi wa jamii badala ya mahakama ya jinai. Shule nazo zingeweza kuwa na kamati ya namna hiyo, mwanafunzi akiwa bado amevaa sare.