Sakafu ya mianzi Tanga: adui ni maji, si kisigino

Anayeuza sakafu ya mianzi huanza na ugumu. Atakutajia kipimo cha Janka, yaani nguvu inayotakiwa kudidimiza gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 mpaka nusu yake izame kwenye ubao. Mwanzi wa kubandikwa vipande kwa vipande hufika pauni 1,300 hivi, sawa na mwaloni mwekundu wa Marekani. Mwanzi wa kushindiliwa, ambao nyuzi zake hupondwa, huloweshwa gundi na kukandamizwa kwa nguvu kubwa, hufika kama pauni 3,000. Kisha atauliza mti gani wa kwetu unafika hapo.

Mtiki haufiki. Mtiki kama huu wa shamba la Longuza, Muheza, una pauni kama 1,000 hadi 1,150 tu. Lakini mtiki uliokomaa una mafuta yake ya asili, hauvimbi sana, na ndiyo maana umetumika kwenye vyombo vya baharini kwa karne nyingi. Kwa hiyo ugumu utakueleza mguu wa kitanda ukiburuzwa utaacha alama au la. Hautakueleza nini kitatokea masika yakiingia, na nyumba ya Raskazone au Ngamiani inahitaji jibu hilo la pili kwanza.

Mbao za mianzi hutoka kiwandani zikiwa kavu, unyevu wa asilimia 6 hadi 9. Hewa ya Tanga mara nyingi ina unyevu wa asilimia 70 hadi 85, na katika hewa hiyo ubao huweza kunyonya hadi ukafika asilimia 13 au zaidi. Ukinyonya, unapanuka. Dhamana nyingi za miaka 25 zina sharti kwamba hewa ya ndani ikae kati ya asilimia 40 na 60. Nyumba inayoishi kwa madirisha wazi, feni na upepo wa bahari haitimizi sharti hilo, kwa hiyo usilipie bei ya juu kwa sababu ya karatasi ya dhamana.

Wanaosema mianzi haifai pwani kabisa nao wanapitiliza. Kinachoua sakafu si unyevu mwingi peke yake. Kinachoiua ni unyevu unaopanda na kushuka. Hewa yetu ina maji karibu mwaka mzima, na ubao uliokwisha kuvimba kabla ya kupigwa hutulia. Mwenye hatari kubwa zaidi ni anayewasha kiyoyozi usiku kucha na kufungua madirisha mchana kutwa: chumba kinakauka, kinalowa, kinakauka tena, na mwanzi wa kushindiliwa huanza kupata nyufa nyembamba kwa urefu wake.

Ndiyo maana kuzizoesha mbao hewa ya chumba ni kazi ya lazima. Maelekezo mengi ya kwenye boksi husema saa 72. Kwa mwanzi wa kushindiliwa hapa pwani muda huo hautoshi, kwa sababu umeshikana sana na hunywa unyevu polepole. Fungua maboksi, pangia vijiti kati ya tabaka ili hewa ipite, madirisha yakiwa kama yatakavyokuwa siku zote. Chukua mbao 10, zipange ubavu kwa ubavu, pima upana wa zote kwa pamoja na uandike. Pima tena kila baada ya siku 3. Usipige hata ubao mmoja mpaka kipimo kikome kuongezeka, hata kama itachukua wiki 2 au 3. Fundi atalalamika kwamba anacheleweshwa. Mwache alalamike.

Chini ya mbao kuna jambo zito zaidi, nalo ni jamvi, yaani sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya ardhi. Zege huhitaji takriban mwezi 1 kwa kila milimita 25 za unene ili likauke, kwa hiyo jamvi la milimita 100 ni miezi 4. Bandika kipande cha nailoni cha mita 1 kwa mita 1, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, kiache siku 2 au 3. Ukikuta matone upande wa chini au zege limekuwa jeusi, bado. Na jaribu hili wakati wa masika. Jamvi lisilo na nailoni chini yake linaweza kuonekana kavu Januari, kisha Aprili likaanza kupandisha maji. Juu ya jamvi lililofaulu, tandaza nailoni ya geji 1000 (unene wa robo milimita), ipandane sentimita 20 kwenye maungio na ipande ukutani kidogo, kisha sponji ya milimita 2 au 3. Ukilaza pima maji ya mita 2, mabonde yasizidi milimita 3. Acha nafasi ya milimita 12 hadi 15 kuzunguka kuta zote na nguzo, na skatingi, yaani ubao wa kufunika nafasi hiyo, ipigiliwe ukutani, kamwe isipigiliwe kwenye sakafu. Sakafu inayoinuka katikati ya chumba kama mgongo wa ngamia mara nyingi ilikosa nafasi hiyo, au imebanwa na kabati la ukutani lililofungwa juu yake. Mbao zenye kingo zilizoinuka na katikati palipobonyea zinatoa habari nyingine: upande wa chini una maji kuliko wa juu.

Halafu kuna deki. Kwetu sakafu safi ni sakafu iliyomwagiwa ndoo ya maji ya sabuni na kukokotwa kwa dekio mpaka uani. Vigae na saruji vinavumilia. Mwanzi hauvumilii, maana maji huingia kwenye maungio, na gundi ya bei nafuu ya yurea huachia taratibu kwa joto na maji. Kama anayefanya usafi nyumbani hatakubali kitambaa kilichokamuliwa, usiweke mianzi. Desturi nyingine inaisaidia sana: viatu hubaki mlangoni. Mchanga wa ufukweni ndio msasa unaokwangua vanishi, na nyumba inayoingiwa miguu mitupu huepuka sehemu kubwa ya mikwaruzo.

Kuhusu wadudu, mwanzi una wanga, na bungua huupenda. Dai mbao zilizotibiwa kwa boroni, zilizotokana na mianzi ya miaka 5 au 6. Rangi ya kahawia iliyopatikana kwa kuchemshwa kwa mvuke hupunguza wanga, lakini pia hulainisha ubao. Mchwa ni habari ya ardhi, hutibiwa kabla ya jamvi kumwagwa.

Nyumba za kale za mawe ya matumbawe, kama za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, zinahitaji maamuzi mawili tofauti, la chini na la ghorofani. Chini, ambako kuta hunyonya maji na chumvi kutoka ardhini, mianzi itaoza upande usioonekana. Hapo baki na saruji au vigae. Ghorofani, kwenye dari la boriti za mikoko, mianzi ina faida ambayo wauzaji hawaitaji: uzito. Mwanzi wa kushindiliwa wa milimita 14 una kilo kama 15 kwa mita ya mraba. Vigae pamoja na saruji ya sentimita 4 chini yake hukaribia kilo 100. Boriti za zamani zinajua tofauti hiyo.

Kwa nyumba mpya ya chini isiyo na kiyoyozi, vyumba vya kulala vinaweza kupata mwanzi wa kushindiliwa ikiwa jamvi limefaulu jaribio la nailoni wakati wa mvua. Jikoni, msalani na kwenye korido inayotoka uani, hapana. Sebuleni inategemea deki. Na kabla ya kulipa, omba ubao mmoja, uzamishe nusu yake ndoo ya maji kwa saa 24, kisha uuanike kivulini siku 2. Tabaka zikiachana au kingo zikibaki zimevimba, usinunue.