Hata Mshumaa Una Sura ya Mama Mkwe

Zamani picha ilikuwa na adabu zake. Inapigwa, inasafishwa, inabandikwa kwenye albamu, albamu inaingia kabatini. Wageni wakija inatolewa, wanashangaa kidogo, "Loo, kumbe ulikuwa mwembamba wewe!", inarudi ilikotoka. Mtu ulikuwa unaishi kwa amani na sura yako kwa sababu ulikuwa huioni.

Nyumbani kwangu picha hazitaki tena karatasi. Mama watoto kajifunza kuhamisha picha, na tangu ajifunze hakuna kitu kilichosalimika. Ubao wa kukatia una harusi yetu. Mto wa kochi una watoto. Jiwe la kuzuia mlango lina babu. Kwenye kikombe nipo mimi, jicho moja limefumba, maana mpiga picha alibofya wakati natafuta chafya. Mgeni akija namwambia karibu ukae, anatazama kochi, anawaona wanangu wanavyomchekea pale kwenye mto, anasema hapana, nimekaa sana leo, acha ninyooshe miguu. Nani aweke makalio juu ya nyuso za watoto wa watu?

Na hapo ndipo penye ugomvi wangu. Picha ya karatasi unaitazama ukipenda. Picha iliyohamia kwenye kitu ni lazima uitumie: uikalie, uinywee, uisukume kwa mguu mlango usijifunge. Babu alikuwa mtu mkali. Angekuwa hai, asingekubali kusukumwa kwa mguu. Na kile ambacho ndicho ningekitumia bila aibu, ule ubao, ndicho nimekatazwa: una gundi na vanishi, haufai tena kugusa chakula. Kwa hiyo tuna ubao wa kukatia ambao haukatiwi kitu. Umeegemezwa ukutani unatuangalia tunakatia vitunguu kwenye sahani.

Huo ubao ndio ulionitia mimi kwenye kazi hii. Siku moja nasikia, "Baba watoto, ofisini kwenu si kuna printa ya leza?" Sauti ya upole. Ningejua nikimbie. Kumbe printa yetu ya nyumbani inarusha wino wa majimaji, na wino huo ukikutana na maji unakimbia na sura ya mtu. Ile ya leza haina wino. Ina unga, unga wenyewe ni plastiki iliyosagwa, unayeyushwa kwa joto mpaka unaganda kwenye karatasi, na ukishaganda maji hayauwezi. Elimu nzuri. Lakini kwa nini elimu hiyo imalizikie kwenye mkoba wangu, nabeba flashi yenye familia nzima ya mama watoto naipeleka kazini?

Tena picha zenyewe lazima zigeuzwe kwanza, kushoto iwe kulia, kwa sababu karatasi inalazwa kifudifudi na picha inatua ikiwa imepinduka. Usipoigeuza, kila herufi kwenye ubao itasomeka kinyumenyume. Sasa fikiria mimi ofisini. Printa imemeza, imetapika, na aliyetangulia kufika pale si mimi, ni mkuu wangu wa kazi. Kashika karatasi yenye sura ya mzee asiyecheka, na chini yake maandishi yaliyopinduka, hayasomeki lugha yoyote. Kanitazama. Kaitazama karatasi. Kaiweka chini taratibu kwa ncha za vidole viwili. Tangu siku hiyo likizo zangu zinapitishwa haraka sana.

Karatasi ikifika nyumbani inaanza kazi yenyewe. Mbao inapigwa msasa. Inapakwa gundi nzito ya akriliki, nyeupe, tabaka lisiwe jembamba likakauka mapema wala nene likaogelea. Picha inalazwa, inakandamizwa kwa kadi ngumu ya zamani kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke, maana kila kipovu kinachobaki ni shimo kwenye uso wa mtu. Halafu inaachwa usiku kucha. Usiku huo hakuna kupita karibu, hakuna feni, hakuna kuuliza imefikia wapi.

Asubuhi ndiyo naitwa. Kazi inayofuata ni ya dole gumba, na katika nyumba hii dole gumba lenye nafasi ni langu. Unalowesha mgongo wa karatasi kwa sponji, unasubiri inywe maji, unaanza kusugua kwa kuzungusha, polepole. Karatasi inatoka vijipande vidogo vidogo vinavyojiviringa chini ya kidole, na chini yake sikio linajitokeza, kisha kola ya shati, kisha jicho. Sitaki kusema uongo, jicho linapotokea mtu unasisimka. Lakini usisisimke sana. Ukimaliza ukaiacha ikauke, ukungu mweupe unarudi umeifunika picha yote, kwa sababu nyuzi za karatasi bado zimebaki, zilikuwa zimejificha kwenye maji. Unalowesha tena. Unasugua tena. Ukisugua kwa hasira, picha nayo inaondoka.

Ndivyo shemeji alivyopoteza pua. Mimi nasema gundi haikufika pale. Mama watoto anasema ni dole gumba langu. Kesi haijaisha mpaka leo, na shemeji mwenyewe, tulipompelekea zawadi yake, aliitazama kwa muda mrefu akauliza kama tunaamini amepungua.

Halafu kuna hili la weupe, ambalo hakuna aliyetuonya. Printa hizi haziprinti rangi nyeupe. Hazina. Pale unapoona nyeupe kwenye picha ni karatasi yenyewe imeachwa wazi. Sasa karatasi ukishaisugua yote ikaisha, kinachobaki pale ni mbao. Gauni la harusi la mama watoto, alilolisubiri maisha yake yote, sasa lina rangi ya mlango. Meno yetu sote ni ya mbao. Na kwa bahati yake mbaya, msimamizi wangu wa harusi alitua juu ya kifundo cha mti, kikamkaa katikati ya paji la uso. Ana macho matatu, na la tatu ndilo linalokutazama ukipita. Siku hizi mbao inapakwa rangi nyeupe kwanza ndipo picha ilazwe. Elimu hiyo imekuja baada ya harusi.

Kikombe nacho kina siri zake. Nilidhani kikombe chochote kinakubali. Hapana. Wino wa kazi hiyo ukipata joto, kama nyuzi 180 mpaka 200, unaruka kutoka ugumu kwenda mvuke bila kupitia umajimaji, na ule mvuke unaingia kwenye plastiki ukanasa humo. Udongo mtupu wa kikombe hauna pa kuushikia. Kinatakiwa kikombe kilichopakwa tabaka la plastiki tangu kiwandani. Nguo vilevile: poliesta inakubali, pamba tupu inakataa, na ikijifanya imekubali, ukifua mara chache hakuna kitu.

Baada ya kujua hivyo sikupata amani ndani ya mashati yangu. Nimekaa naangalia taarifa ya habari, mkono unaingia shingoni kwangu kwa nyuma. Nikadhani mahaba. Kumbe anasoma lebo. "Hii poliesta asilimia ngapi?" Nikamwonyesha mashati yangu ya pamba kwa fahari, nikajua nimepona. Akatoa karatasi za pasi. Pamba nayo ina njia yake: unaprinti kwenye karatasi maalumu, unalaza kwenye fulana, unakandamiza kwa pasi kavu isiyo na mvuke, picha inabaki. Ya nguo nyeupe inageuzwa, ya nguo nyeusi haigeuzwi, na ni mimi ninayetakiwa kukumbuka ipi ni ipi. Sasa nina fulana yenye picha yangu mwenyewe. Mtu kuvaa picha yake ni nini? Nikipotea? Na inafuliwa ikiwa imegeuzwa ndani nje, lakini hata hivyo picha imeanza kupasuka pasuka. Pale kifuani nina mikunjo ambayo usoni bado sijaifikia. Watu wananisalimia shikamoo wakiangalia fulana.

Nilijaribu kulalamika kwa hoja. Nikasema huu ni ushamba wa siku hizi. Nikajibiwa na historia, maana mama watoto akipenda jambo hulisomea. Nikaambiwa kwamba mwaka 1756, huko Liverpool, Uingereza, John Sadler na Guy Green waliapa mbele ya sheria kwamba wameprinti vigae zaidi ya 1200 ndani ya saa sita, kwa kuhamisha michoro. Vizuri. Vigae 1200, watu wawili, saa sita. Sisi ni watu wawili pia. Ubao mmoja umekula mwisho wa juma mzima na pua ya mtu.

Nikaambiwa pia habari za Robert Rauschenberg, msanii wa Marekani, ambaye miaka ya mwisho ya 1950 alikuwa analowesha picha za magazeti kwa mafuta ya kujazia laita, anazilaza kwenye karatasi na kuzisugua kwa nyuma mpaka zinahama. Akazitundika kwenye majumba ya sanaa, watu wakamsifu. Hiyo nilikataa palepale. Mvuke wa mafuta yale unashika moto kabla hujasema kiberiti, na nyumba yetu tayari ina sura yangu kila kona. Ikiungua nitakuwa nimeungua mara nyingi.

Akaniacha na laita akahamia kwenye jua. Njia hiyo ya kuchapa picha kwa jua aliigundua mwanasayansi wa Uingereza, John Herschel, mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins, mtaalamu wa mimea, akaanza kuitumia kutengenezea kitabu cha picha za mwani wa baharini. Kitambaa kinapakwa dawa mbili zenye madini ya chuma, kinakaushwa gizani, kinawekewa nakala ya picha iliyo hasi, yaani nyeusi imekuwa nyeupe na nyeupe imekuwa nyeusi, kwenye plastiki angavu, kinatolewa juani, kisha kinasuuzwa kwa maji matupu. Palipopigwa na jua pote panakuwa bluu. Bluu tu. Kwa hiyo tuna foronya ambazo ukoo mzima ni wa bluu, na zimekuja na sheria zao: zisifuliwe kwa sabuni yenye magadi, zisiwekwe dawa ya kung'arisha, la sivyo bluu inageuka manjano. Mimi mwenyewe nimefuliwa na sabuni yoyote iliyopatikana maisha yangu yote na sikuwahi kuandikiwa masharti. Foronya ina masharti.

Lakini yote hayo ningeyavumilia. Lisilovumilika ni mshumaa.

Kwa mshumaa njia ni rahisi mno, na ndiyo hatari yake. Picha inaprintiwa kwenye karatasi nyembamba ile ya kufungia zawadi, iliyobandikwa kwa selotepu kwenye karatasi ya kawaida ili printa isiitafune. Inakatwa, inazungushiwa mshumaa mnene, juu yake inavutwa karatasi ya kuokea, kisha hewa ya moto ya kikausha nywele inapita polepole. Unaona kwa macho yako: nta inayeyuka, karatasi inainywa, kingo zinapotea, sura inabaki ndani ya mshumaa utadhani ilizaliwa humo. Mzuri sana. Na katika watu wote duniani waliowahi kupigwa picha, mama watoto akachagua mama yake.

Utambi unatokea juu ya kilemba.

Umeme ukakatika. Tukakaa gizani, sote tunajua mshumaa uko wapi, hakuna anayeutaja. Mtoto mdogo akasema, "Si tumwashe bibi?" Akanyamazishwa kwa pande mbili. Nikamwambia mama watoto, mshumaa mnene unawaka katikati, uso hautafikiwa. Akaniuliza, "Una uhakika?" Sasa mimi mkwe, niseme nina uhakika, moto ushuke pembeni ufike nyusi? Karatasi iliyo kwenye nta nayo ni karatasi, moto ukiigusa inawaka. Tukalala saa mbili.

Kesho yake mama mkwe mwenyewe akapiga simu. "Hamjambo wanangu? Ule mshumaa wangu, mnauwasha?" Mama watoto akanipa simu haraka, kumbe alikuwa na shughuli jikoni. Nikasimama pale. Nikisema tunauwasha, nimemchoma. Nikisema hatuuwashi, nimemfungia kabatini. Nikamwambia, "Mama, tunauheshimu." Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya baba." Hiyo "haya baba" bado naitafakari.

Sasa amefika kwenye majani. Jani la mti, la kijani, bichi. Kuna msanii anaitwa Binh Danh, mzaliwa wa Vietnam anayeishi Marekani, anaweka picha ya plastiki angavu juu ya jani, anabana kwa kioo, analiacha juani kwa siku kadhaa. Palipofunikwa na weusi wa picha panabaki kijani, palipopigwa na jua panafifia, na sura ya mtu inatokea kwenye jani. Hakuna gundi, hakuna leza, hakuna dole gumba. Nilisikiliza kwa makini kwa mara ya kwanza. Nikafurahi kabisa, maana jani linanyauka! Hatimaye picha yenye mwisho, inakauka, inafagiliwa, tunapumzika.

"Nitalimwagia rezini, ile plastiki ya maji inayoganda ikawa ngumu," akasema. "Huyo msanii ndivyo anavyofanya. Halinyauki tena. Njoo nikupige picha nyingine, ile ya chafya imechosha."

Nikamwambia, kwani lazima niwe mimi? Mweke kaka yako.

"Kaka yangu ulishamtoa pua," akasema. "Hataki hata kupigwa picha tena. Geuza uso kwenye mwanga."