Otto Lilienthal alipima kwanza, ndipo akaruka

Katika picha nyingi zilizobaki, Otto Lilienthal, Mjerumani wa karne ya 19 aliyejaribu kuruka kwa mabawa aliyojiundia, anaonekana akining'inia chini ya mabawa ya fito na kitambaa cha pamba, miguu ikielea hewani. Picha hizo zimewafanya watu wamwone kama jasiri wa kujitosa tu, na wanaosimulia habari zake huharakia kifo chake, kana kwamba kuanguka ndiko kulikokuwa kazi yake. Naamini hapo tunamdhulumu.

Alizaliwa mwaka 1848 huko Anklam, kaskazini mwa Ujerumani, ambako yeye na mdogo wake Gustav walikua wakiwatazama korongo, ndege wale wale ambao baridi ya Ulaya inapokaribia huja hadi nyanda za Afrika Mashariki. Baadaye akawa mhandisi mwenye kiwanda cha boila na injini za mvuke mjini Berlin, lakini swali la utotoni halikumtoka: ni nini hasa kinachombeba korongo aliyetandaza mabawa bila kuyapiga? Wengine walijibu kwa kubuni mashine. Yeye aliunda mtambo wenye mkono mrefu unaozunguka, akafunga juu yake vipande vya maumbo mbalimbali, akapima nguvu ambayo hewa ilitia juu ya kila kimoja. Akabaini kuwa bawa lenye mbinuko kidogo huinua uzito mwingi kuliko bawa bapa. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1889 pamoja na majedwali yake, ili yeyote ayatumie, na wakati huo yeye mwenyewe alikuwa hajaruka. Kwangu mimi, huo ndio ukubwa wake.

Alianza kuruka mwaka 1891 karibu na kijiji cha Derwitz. Mwaka 1894 alijenga kilima cha mita 15 huko Lichterfelde ili aweze kuruka upepo utokapo upande wowote, na kufikia mwaka 1896 alikuwa ameruka takribani mara 2,000, safari ndefu zaidi zikifikia mita 250 hivi. Udhaifu wake ulikuwa katika uongozaji, kwa sababu alikitawala chombo kwa kuyumbisha mwili tu. Tarehe 9 Agosti 1896, karibu na Stölln, chombo kilipoteza mwendo kikaporomoka, akavunjika uti wa mgongo na kufariki kesho yake.

Habari za kifo hicho ndizo zilizoamsha upya shauku ya kuruka ya Wilbur na Orville Wright kule Marekani, ndugu wawili waliokuja kurusha ndege ya kwanza yenye injini. Vyombo vyao vya mwanzo vilipokosa nguvu ya kuinuka waliyoitarajia, waliyashuku majedwali ya Lilienthal, wakatengeneza kisanduku cha kupulizia upepo mwaka 1901 ili wajipimie wenyewe. Wakakuta kwamba vipimo vya Mjerumani yule vilikuwa karibu sana na ukweli, na kwamba kosa kubwa lilikuwa katika namba ya shinikizo la hewa ambayo wahandisi walikuwa wakirithishana tangu karne ya 18.