Mpango wa Dimenshia Uanze na Anayemuuguza Mgonjwa

Jirani yangu wa Kondele, hapa Kisumu, ameacha kuuza omena katika soko la Kibuye. Biashara ilikuwa ikienda vizuri, ila mama mkwe wake ana dimenshia, ule ugonjwa unaokula kumbukumbu na fahamu, na usiku wa manane huamka, akafunga nguo zake ndani ya leso na kudai kurudi kwa baba yake, marehemu wa miaka mingi. Mlango sasa una kufuli, na ufunguo jirani hulala nao shingoni.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mpango uliotaka robo tatu ya nchi wanachama ziwe na sera ya dimenshia kufikia 2025. Lengo halikutimia, na muda ukasogezwa hadi 2031. Wanaopinga nchi kama yetu kuwa na mpango wa pekee wana hoja nzito: kaunti za ukanda wa ziwa bado zinapambana na malaria na Virusi vya Ukimwi, fedha ni chache, na sera isiyo na bajeti huishia kabatini. Afadhali, wanasema, dimenshia iingizwe katika huduma za shinikizo la damu na kisukari ambazo tayari zipo zahanati, kwa kuwa maradhi hayo yenyewe huongeza hatari ya kuipata. Hapo nakubaliana nao.

Nisichokubali ni dai kwamba mzee ni wa familia, basi serikali ikae kando. Ibara ya 57 ya Katiba inampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake pamoja na Serikali, na neno familia, tukiambiana ukweli, mara nyingi lina maana ya mwanamke mmoja. Mpango wa serikali wa Inua Jamii humpa mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Aliyeacha kazi ili amlinde hahesabiwi popote, na ugonjwa wenyewe humpata hata mtu wa miaka 60.

Kutomwelimisha mlezi na majirani zake kuna gharama nyingine. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na katika mazingira ya namna hiyo mama anayezurura usiku bila kujua atokako yumo hatarini.

Kwa hiyo ningeanza na kidogo kinachowezekana: wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari hupita nyumba kwa nyumba, wafunzwe kuitambua dimenshia na kuwaeleza majirani, na kaunti itafute mahali pa kumwacha mgonjwa japo siku mbili kwa juma. Jirani yangu hajaniuliza kuhusu dawa. Aliniuliza kama kuna mtu angeweza kukaa na mama siku ya soko, kuanzia asubuhi hadi saa nane.