Niambieni Makaburi Yatakuwa Wapi

Ukitaka kujua halmashauri yako inafikiria miaka mingapi mbele, weka kando kitabu cha mpango mkakati. Uliza swali moja tu: watu wa kata hii watazikwa wapi mwaka 2050? Ukijibiwa kwa kuoneshwa ramani, una bahati. Mimi kila nilipouliza nilijibiwa kwa kicheko, au kwa ile kauli ya "hilo tumelichukua", ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa mtaa anajua maana yake.

Nauliza sasa kwa sababu huu ndio msimu. Mpango wa Taifa wa miaka mitano wa 2021/22 hadi 2025/26 umefika ukingoni, Dira 2050, yaani dira mpya ya maendeleo ya Tanzania, ilizinduliwa Dodoma Julai 2025, na halmashauri zinatakiwa kuandika mipango mipya inayoendana nayo. Madiwani nao wametoka kwenye uchaguzi wa Oktoba 2025, ahadi bado mbichi. Hofu yangu ni kwamba kitakachotoka nakijua tayari. Itatoka orodha ya majengo.

Chukua mpango mkakati wa halmashauri yoyote ya Tanzania Bara, uufungue kwenye malengo. Lengo A litahusu huduma na kupunguza maambukizi ya UKIMWI. Lengo B litahusu mkakati wa taifa wa kupambana na rushwa. Halmashauri ya wavuvi, halmashauri ya wafugaji, manispaa iliyojaa maghorofa, zote zinaanza hivyo hivyo kwa sababu mwongozo umeelekeza hivyo. Ukishuka chini unakuta madarasa, matundu ya vyoo, nyumba za watumishi, zahanati, na kukamilisha maboma ambayo wananchi waliyasimamisha kwa nguvu zao mpaka kwenye lenta kisha yakasubiri bati miaka na miaka. Sidharau hata kimoja katika hivyo. Mtoto anayesomea chini ya mwembe anahitaji darasa leo. Ila darasa ni la leo. Lile la mwaka 2045 litahitaji kiwanja, na hicho kiwanja wiki hii kuna mtu anakiuza.

Kwa nini inakuwa orodha? Sehemu ya jibu iko kwenye namna bajeti inavyopikwa. Kwa karatasi, mipango yetu inaanzia chini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 tuna utaratibu wa Fursa na Vikwazo vya Maendeleo, ambapo wananchi wa kijiji au mtaa wanakaa, wanataja walichonacho na kinachowakwamisha, kisha wanapanga vipaumbele. Vipaumbele vinapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, vinafika kwa wataalamu wa halmashauri, Kamati ya Fedha, Baraza la Madiwani, ngazi ya mkoa, TAMISEMI (wizara inayosimamia serikali za mitaa) na mwishowe Bunge. Wakati vipaumbele vinapanda, kuna kitu kingine kinashuka kutoka juu: ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha fedha ambacho halmashauri hairuhusiwi kukivuka. Vikikutana njiani, ukomo ndio unaoshinda. Kijiji kilichotaja mambo kumi kinabaki na moja, na hilo moja huwa ni jengo, maana jengo lina bei inayojulikana, lina picha ya kabla na baada, na linagawika kata kwa kata ili diwani yeyote asirudi nyumbani mikono mitupu.

Halafu kuna Mwenge. Kila halmashauri inajua kwamba mbio za Mwenge wa Uhuru zitapita, na kwamba ukipita lazima uzindue kitu au uweke jiwe la msingi. Mwenge hauwezi kuzindua eneo lililoachwa wazi. Sijawahi kuona jiwe la msingi la njia ya mita 15 iliyohifadhiwa shambani kwa ajili ya barabara itakayojengwa miaka ishirini ijayo.

Na tuseme ukweli kuhusu mfuko. Kodi ya majengo ilikuwa chanzo cha uhakika cha halmashauri za miji, kwa sababu nyumba haikimbii. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ukahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na tangu Agosti 2021 mwenye nyumba analipa anaponunua umeme wa LUKU. Kwa ukusanyaji, LUKU ni ujanja mzuri. Kwa upangaji, uhusiano umekatika. Zamani manispaa ikiboresha mtaa, thamani ya nyumba ikipanda, kulikuwa na namna fulani ya faida kuirudia. Barabara za mitaa nazo tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali kuu. Mkurugenzi anateuliwa na Rais na anaweza kuhamishwa kabla wino wa mpango haujakauka. Ukimwambia mtu huyo apange miaka thelathini, atakuitikia kwa heshima na kurudi kwenye ripoti ya robo mwaka.

Kwa hiyo naelewa. Lakini kuna jambo moja ambalo sheria imeliacha mikononi mwa halmashauri, nalo ni kubwa kuliko mengine yote. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inaitaja halmashauri kuwa ndiyo mamlaka ya upangaji wa eneo lake. Ardhi itumike vipi, barabara ipite wapi, wapi pasijengwe. Hapo ndipo mipango ya muda mrefu ilipo, na hapo ndipo tunapolala.

Dar es Salaam ni ushahidi wa wazi. Jiji hili limepata mpango kabambe, yaani ramani kuu ya matumizi ya ardhi ya mji mzima, mwaka 1949, mwaka 1968, na tena 1979. Ule wa 1979 ulichorwa wakati sensa ya 1978 ilikuwa imehesabu watu wapatao 843,000 katika mkoa mzima. Ulikusudiwa kuongoza miaka kama ishirini. Ukaendelea kuwa ndio mpango wa mwisho ulioidhinishwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Sensa ya 2012 ikakuta watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Kati ya sensa ya 1978 na ile ya 2012 pekee, watu zaidi ya milioni tatu na nusu waliongezeka huku kabatini kuna ramani ya mji mwingine kabisa.

Hao watu hawakusubiri. Walimfuata mwenye shamba. Mwenye shamba akakata viwanja vya hatua 20 kwa 20, mkataba wa mauziano ukaandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mhuri ukagongwa, tofali zikashushwa. Njia ikawa ni kile kilichobaki baada ya kila mtu kujenga ukuta wake. Tembea leo pembezoni mwa jiji ambako kila nyumba ni nzuri, geti la chuma, tanki la maji juu, bustani, na bado gari la zimamoto haliwezi kuingia, gari la kunyonya choo linavuta mpira kupitia uani kwa jirani, na mgonjwa anabebwa mpaka mahali bajaji inapoweza kugeuza. Wenye nyumba hizo walikuwa na fedha za kutosha kujenga. Kilichokosekana ni mtu wa kupita mapema na kamba na kusema: hapa pasijengwe.

Tukishachelewa, tunalipa mara nyingi. Mwaka 2017 nyumba za kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121 kila upande wa Barabara ya Morogoro. Watu walikuwa wameishi pale miaka mingi, wengine wana umeme na maji ya mamlaka za serikali hiyo hiyo. Bonde la Msimbazi vilevile. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 waathirika walipelekwa Mabwepande, na Desemba 2015 likaja greda kwa waliobaki au kurudi. Sasa kuna mradi mzima wa kulipa fidia na kulitengeneza bonde, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200. Katikati ya yote hayo, wakati mwananchi anaambiwa bondeni si mahali pa kukaa, depo ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, na mvua zikija mabasi yakawa yanahamishwa. Hapo sina la kuongeza.

Yako majaribio yaliyonipa moyo kiasi. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima viwanja katika maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada, Gezaulole, Toangoma na Mwanagati. Hazina ilitoa mkopo, viwanja vikauzwa, mkopo ukarudi, na mwishowe vilivyopimwa vilizidi 30,000. Yaani inawezekana kupanga bila kusubiri mfadhili. Lakini wazee waliokuwa na mashamba pale walipochukua fidia yao walikwenda mbele zaidi kununua ardhi isiyopimwa, na wanunuzi wengi walikaa miaka wakitazama pori kwa sababu maji na barabara havikufika kwa wakati. Baadaye, mwaka wa fedha 2021/22, Wizara ya Ardhi ilikuja na programu ya kupanga, kupima na kumilikisha, Sh bilioni 50 zikakopeshwa kwa halmashauri bila riba. Wazo ni lile lile, na nalipenda, hata kama baadhi ya wakopaji walisuasua kurejesha.

Dodoma nako kuna la kujifunza. CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilianzishwa 1973, ikatengeneza mji wenye barabara pana ambazo Dar ingezililia. Ikawa pia na migogoro isiyoisha na wananchi kuhusu ardhi, hadi ikavunjwa mwaka 2017 na kazi zake kuhamishiwa halmashauri. Barabara zimebaki pana. Malalamiko ya kiwanja kimoja kupewa watu wawili nayo yamebaki.

Upande wa pili wa kosa ni Kigamboni, ng'ambo ya maji kutoka katikati ya Dar es Salaam. Mwaka 2008 ilitangazwa kuwa utajengwa mji mpya, na wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri. Miaka ikapita. Mtu akashindwa kujenga, kuuza kwa bei nzuri au kukopa kwa dhamana ya nyumba ambayo huenda kesho isiwepo. Wakala uliokuwa ukisimamia mji huo mpya ukaja kuvunjwa. Daraja likafunguliwa 2016, ardhi ikapanda bei, na mji uliochorwa kwenye picha za kompyuta haukuonekana. Anayesema tatizo letu ni kutokuwa na mipango mikubwa aende akakae na wazee wa Kibada, huko huko Kigamboni, saa moja.

Ninachokitaka ni kidogo kuliko Kigamboni na kigumu kuliko zahanati. Halmashauri ichore mambo machache tu kwa kila kata ambayo bado ni mashamba: barabara kuu za ndani, njia za maji na mabonde, viwanja vya shule na soko, na makaburi. Basi. Kilichobaki watu wajigawie wanavyotaka, wajenge kidogo kidogo kama tulivyozoea. Nyumba ikikaa vibaya mwenyewe atairekebisha. Barabara ikikosekana hakuna wa kuirekebisha bila greda na machozi.

Nitaambiwa kuna fidia. Ni kweli, Sheria ya Ardhi inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na inapaswa kubaki hivyo. Lakini shamba la mikorosho linafidiwa kwa bei ya shamba la mikorosho. Subiri liwe na nyumba kumi na mbili na msikiti, uone bei. Na katika urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha maeneo yaliyokwisha kujengwa bila mpango, tumeona wananchi wakikubali kumega vipande vya viwanja vyao ili njia ipite, kwa sababu wanajua kiwanja chenye barabara kinapanda thamani. Wanachokataa ni kumega halafu mchoro upotee ofisini, au kampuni ya upimaji itokomee na michango yao. Na kile kiwanja cha wazi kilichoachwa kwa ajili ya shule kikija kuota ukuta wa mtu mkubwa, usitegemee jirani atamega tena.

Wasomaji wa Kenya watasema wao wamelitatua hili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza kutenga fedha za umma nje ya mpango, na inataka kila kaunti iwe na mpango jumuishi wa miaka mitano pamoja na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi. Napenda sana kile kifungu cha fedha, natamani tungekuwa nacho. Ila hata huko kaunti nyingi zilikamilisha ule wa miaka mitano upesi, na ule wa ardhi ukasuasua. Sababu naidhani ni ile ile: wa kwanza unagawa miradi, wa pili unamwambia mtu mwenye nguvu kwamba hapa huwezi kujenga.

Rasimu ya mpango mpya wa halmashauri yenu inapaswa kupita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla haijafika kwenye Baraza. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na mwenyekiti wako wa mtaa au wa kijiji ni mjumbe. Mwulize kama rasimu imekuja na ramani.