Mwaka Usiopimwa Haurudi

Wiki iliyopita nilibishana na rafiki yangu, mtu wa Tanga kama mimi, kuhusu fedha ambazo nchi tajiri zinatumia kupima barafu ya Antaktika, bara la barafu lililo kusini kabisa mwa dunia. Yeye anaona ni anasa. "Sisi zahanati hazina dawa," aliniambia, "wao wanatoboa barafu kilomita tatu kwenda chini, wanatafuta nini?" Kuhusu zahanati sikumbishia. Nilimwambia tu kwamba kazi hiyo inamhusu yeye mwenyewe, na inaihusu nyumba ya mama yake iliyo hatua chache kutoka ufukweni, kuliko mambo mengi anayoyafuatilia kwenye simu yake. Hakukubali. Naandika haya kwa ajili yake, na kwa kila anayefikiri kama yeye.

Mwaka 1965 Mfaransa mmoja, Claude Lorius, alikuwa kambini kwenye ukingo wa Antaktika, mahali panapoitwa Adélie. Jioni moja, kazi ya kutoboa barafu ilipokwisha, yeye na wenzake walitia vipande vya barafu ile kwenye bilauri za wiski. Barafu ikaanza kuyeyuka na viputo vya hewa vikawa vinapasuka kimoja kimoja ndani ya kinywaji. Lorius akavitazama. Hewa ile ilinaswa zamani za kale, na ndiyo kwanza inatoka. Je, kama mtu angeweza kuikamata kabla haijapotea, akaipima?

Ndivyo ilivyokuja kufanyika. Katikati ya Antaktika theluji haiyeyuki. Ya mwaka huu inalala juu ya ya mwaka jana, ya juu inaikandamiza ya chini mpaka inageuka barafu, na hewa iliyokuwa kati ya chembe za theluji inabaki imefungwa humo. Wanasayansi huingiza keekee yenye uwazi katikati, wakatoa gogo la barafu lenye unene wa sentimita kumi hivi, kipande baada ya kipande, mpaka karibu na mwamba. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyorudi nyuma katika wakati. Kituo cha Vostok cha Warusi, ambako mwaka 1983 baridi ilifika nyuzi 89.2 chini ya sifuri, kilitoa historia ya miaka 420,000. Wazungu wa Ulaya waliotoboa mahali panapoitwa Dome C wakafika miaka 800,000. Januari 2025, si mbali na hapo, timu ya Ulaya ilitoa gogo la urefu wa mita 2,800 lenye barafu ya zaidi ya miaka milioni 1.2.

Hewa iliyomo inasema jambo moja kwa uwazi mkubwa. Katika miaka 800,000 hiyo, hewa ya ukaa ilipanda na kushuka kati ya chembe 180 na 300 kwa kila chembe milioni za hewa, na joto la dunia likapanda na kushuka pamoja nayo. Leo tumepita 420. Hakuna mwanasiasa wala mfanyabiashara wa mafuta anayeweza kusema kwamba hali hii imewahi kuwapo tangu binadamu awepo, kwa sababu hewa yenyewe ya zamani ipo na imepimwa.

Lakini magogo haya ndiyo yanayopigwa picha. Mimi kinachonigusa zaidi ni kazi isiyo na picha.

Waingereza wana kituo kinaitwa Halley, juu ya bapa la barafu linaloelea baharini. Kuanzia mwaka 1956 watu wa kituo hicho walipima ozoni iliyo angani juu yao, gesi inayotukinga na miale mikali ya jua, kwa chombo cha Dobson, ambacho kinataka mwanga wa jua na mtu wa kukaa nacho. Wakipima wanaandika, kesho wanapima tena. Mwaka wa kwanza hakuna jipya. Mwaka wa kumi hakuna jipya. Vijana wakaenda na kurudi na wengine wakawapokea kijiti. Halafu kuanzia miaka ya 1970 mwishoni, tarakimu za kila Oktoba zikaanza kushuka. Mei 1985 Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walichapisha matokeo: ozoni ya majira hayo juu ya Halley ilikuwa imepungua kwa kiasi cha theluthi. Setilaiti ya Marekani nayo ilikuwa imeona tarakimu hizo za chini, lakini zilitiwa alama ya kushukiwa kwa kuwa hakuna aliyetarajia ozoni ishuke hivyo.

Miaka miwili tu baadaye, 1987, dunia ilikutana Montreal ikakubaliana kuachana na gesi za majokofu na za makopo ya kupulizia zilizokuwa zinaila ozoni. Hatimaye nchi zote za dunia zikaridhia, zetu zikiwamo. Tundu hilo la ozoni linatarajiwa kuziba kufikia miaka ya 2060. Na kwa kuwa gesi hizo hizo zinapasha dunia joto kwa nguvu sana, mkataba ule umetupunguzia joto pia.

Sasa fikiria mwaka 1970 mhasibu mmoja huko London angesema: miaka kumi na nne mnapima kitu hakibadiliki, inatosha, leteni chombo nyumbani. Kwenye karatasi angekuwa sahihi kabisa. Tungekuja kuona tundu bila kujua lilianza lini wala linakua kwa kasi gani, na bila hayo mawili ubishi usingekwisha.

Ndiyo sababu habari za mwaka 2025 zilinisononesha. Marekani ilitangaza kuacha kukodi Nathaniel B. Palmer, meli ya utafiti yenye uwezo wa kupasua barafu, iliyokuwa ikienda Antaktika tangu 1992. Mwaka huo huo jeshi la Marekani lilitangaza kuacha kuwapa wanasayansi takwimu za setilaiti zinazotumika kupima barafu ya baharini, kisha likaahirisha. Mfululizo wa vipimo hivyo umekuwa ukiendelea tangu mwishoni mwa 1978. Ukisimamisha ujenzi wa barabara kwa mwaka mmoja, mwakani unaweza kuendelea kuijenga pale ulipoishia. Kipimo hakiko hivyo. Barafu ya Februari 2023, ambayo ilikuwa ndogo kuliko zote zilizowahi kupimwa kule kusini, isingepimwa siku zile, leo hakuna fedha duniani ambayo ingeweza kwenda kuipima.

Narudi kwa rafiki yangu na nyumba ya mama yake.

Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba bahari inavutwa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tunajua maji ni bamvua, yatajaa sana na kupwa sana; katikati yake ni maji mafu. Mwezi unayavuta maji kwa uzito wake. Ambalo wengi hatujalisikia ni kwamba barafu nayo inavuta. Antaktika ina barafu nyingi kiasi kwamba bahari inayoizunguka imevutwa kuielekea na kusimama juu kidogo. Greenland, kisiwa kikubwa cha barafu upande wa kaskazini mwa dunia, vivyo hivyo. Barafu ikiyeyuka, uzito unapungua, mvuto unalegea, na maji yaliyokuwa yamevutiwa kule yanaachiwa yaende kwingine. Kwa hiyo Greenland ikipoteza barafu, bahari iliyo karibu nayo inashuka. Inapanda zaidi ya wastani mbali, huku kwenye ukanda wa joto. Aliye jirani na barafu anapungukiwa na maji, na sisi ambao hatujawahi kuiona tunaongezewa.

Mimi nilipolielewa hilo nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba umbali ni kinga.

Upo mto wa barafu huko Antaktika ya magharibi unaoitwa Thwaites. Ukichukua Rwanda na Burundi ukaziunganisha, zitaingia humo mara tatu na nafasi itabaki. Maji ya bahari yenye joto kiasi yanaupenya kwa chini na kuula pale unapokalia mwamba, na tangu 2018 Waingereza na Wamarekani wamekuwa wakiuchunguza kwa pamoja, hata kwa kuteremsha roboti kupitia matundu waliyotoboa kwa maji ya moto. Ukianguka wote, bahari ya dunia itapanda kwa wastani wa sentimita 65. Hilo si jambo la mwaka kesho. Lakini sentimita 65 ni juu ya goti la mtu mzima, na zinaongezeka hata juu ya bamvua.

Sisemi kwamba kila ufukwe unaoliwa leo umeliwa na Antaktika. Kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani, ambako kasa walikuwa wakitaga kwa wingi, kilipoteza miti na udongo wake kabla ya haya kuzungumzwa, na leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kukata miti na mikoko na kuchota mchanga ni makosa yetu wenyewe, tuyabebe. Ila bahari kwa jumla imepanda zaidi ya sentimita 10 tangu 1993, na kasi imeongezeka maradufu.

Kuna na suala la viumbe. Bahari ya kusini ina krili, ambao mvuvi wetu angewaita uduvi bila kusita. Nyangumi, sili na pengwini wanaishi kwa uduvi hao, na kinyesi cha uduvi wenyewe kinachozama kinabeba kaboni kuipeleka kilindini. Binadamu naye anawavua, kwa ajili ya vidonge vya mafuta na chakula cha samaki wa kufugwa. Mwaka 2016 nchi zinazosimamia bahari hiyo zilikubaliana kuhifadhi Bahari ya Ross, kilomita za mraba milioni 1.55. Baada ya hapo mapendekezo mengine makubwa yamekwama mwaka baada ya mwaka, kwa sababu uamuzi unataka kauli moja na China na Urusi zinakataa. Naona ni aibu. Mwishoni mwa 2022, katika makundi matano ya pengwini wakubwa wanaozaliana kando ya Bahari ya Bellingshausen, manne yalionekana kupoteza vifaranga vyote, kwa sababu barafu walimosimama ilivunjika kabla manyoya yao hayajaweza kuzuia maji. Wanasayansi waliligundua hilo kutoka angani, kwa kuangalia madoa ya kinyesi juu ya barafu na tarehe yalipotoweka.

Afrika Kusini ilikuwa nchi pekee ya bara letu kati ya zile 12 zilizotia saini Mkataba wa Antaktika mwaka 1959, na ndiyo pekee yenye kituo huko. Sidai Tanzania ijenge kituo kwenye barafu. Nadai vijana wetu wa sayansi ya bahari wapande meli hizo, na kwamba kipimo cha kina cha bahari kilichopo bandarini Unguja tangu 1984 kisikose vipuri wala mtu wa kukiangalia, kwa sababu ni ndugu wa kile cha Halley. Barafu ya Kilimanjaro inanikumbusha. Zaidi ya asilimia 80 ya iliyokuwapo 1912 imekwisha, na gogo lenye historia ya miaka 11,700 lilitolewa mwaka 2000 na Lonnie Thompson wa Marekani. Limehifadhiwa Ohio. Namshukuru kwa kuliwahi. Ila ningetamani mtoto wa Moshi anayesomea tabianchi asilazimike kuvuka bahari ili kuiona barafu ya mlima anaouona kutoka dirishani.

Na rafiki yangu bado hajakubali kuhusu fedha. Tulichoafikiana ni kidogo. Bamvua ijayo tutakwenda kwa mama yake na kopo la rangi, tusubiri maji yajae kabisa, tupige mstari kwenye ukuta wa msingi upande wa baharini na kuandika tarehe. Mama kasema tuache nafasi ya kutosha juu yake.